Kutabiri Mvua Mbele ya Watu: Mwongozo kwa Wanaopeleka Habari za Hali ya Hewa Navakholo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale ambao kazi yao huwalazimu kusimama mbele ya watu na kusema mvua itafanya nini: afisa wa kilimo wa wadi, naibu wa chifu barazani, liguru (mzee wa kijiji), katibu wa kikundi cha akina mama, mtangazaji wa redio, na mwenye duka la pembejeo anayeulizwa "mvua inaanza lini?" kila anapouza pakiti ya mbegu. Wengi wao hawakusomea hali ya hewa. Hata hivyo maneno yao ndiyo yanayofika shambani Ingotse, Nambacha, Chebuyusi na Namirama. Taarifa yenyewe hutoka Dagoretti Corner, Nairobi, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikiwa na tarehe, asilimia na mipaka yake. Ikifika sokoni imebaki sentensi moja: "Wamesema mvua itakuwa nyingi." Kila kilichodondoka njiani ndicho mkulima alichokihitaji.

Kwanza tukubaliane kuhusu kitendo chenyewe. Kutabiri, kwa maana inayotumika humu, ni kusema jambo ambalo bado halijatokea kwa namna ambayo, wakati wake ukifika, mtu yeyote, hata asiyekupenda, anaweza kuangalia akasema limetokea au halikutokea. Kwa hiyo ni lazima utaje jambo lenyewe, mahali, muda, na kiasi cha uhakika ulicho nacho. "Mvua itanyesha" haijafika hapo. Kwetu mvua za masika huanza Machi na mara nyingi hazikatiki kabisa mpaka zile za pili ziingie Agosti au Septemba. Mtu anayesema mwezi wa Aprili kwamba mvua itanyesha hajatabiri chochote, amesoma kalenda. Lakini ukisema, "Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, wakati wa alasiri, mvua ya radi inatarajiwa katika sehemu nyingi za kaunti, na uwezekano wa kupita milimita 20 kwa siku moja ni mkubwa," huo ni utabiri, kwa sababu Jumamosi asubuhi tunaweza kukaa chini tukauhukumu.

Eneo letu limezoea kauli nyingine pia kuhusu mambo yajayo. Ng'ambo ya Mto Nzoia, Wabukusu bado wanamtaja Maina wa Nalukale na yale aliyoyasema kuhusu ujio wa wageni. Makanisani unabii hutolewa, na wapo wanaopanga maisha yao kwa huo. Mwongozo huu haugombani na hayo. Unachosisitiza ni kwamba unabii una masharti yake: uzito wake hutoka kwa aliyeusema, mara nyingi hauna tarehe ya mwisho, na anayeusikia hutakiwa aamini. Utabiri wa hali ya hewa haumwombi mtu imani. Unamwomba apime. Afisa anayeutangaza kwa sauti ya nabii huvuna heshima ya siku chache, kisha mvua ikichelewa juma moja anaitwa mwongo, yeye pamoja na idara nzima, na taarifa inayofuata, hata ikiwa ya kuokoa maisha, haitasikilizwa.

Tofauti hii ilipiganiwa tangu kazi hii ilipoanza. Oktoba 1859 dhoruba iliizamisha meli ya Royal Charter kwenye pwani ya Wales, wakafa watu wapatao 450. Robert FitzRoy, yule aliyekuwa nahodha wa Beagle iliyombeba Charles Darwin, wakati huo aliongoza ofisi changa ya hali ya hewa ya serikali ya Uingereza. Alipanga vituo vya pwani vimletee vipimo kwa telegrafu, na tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times likachapa utabiri wa kwanza wa aina hiyo kwa umma. FitzRoy alikataa kabisa kazi yake iitwe unabii. Alichagua kitenzi cha Kiingereza forecast, ambacho zamani kilikuwa na maana ya kupanga jambo mapema, akakifungia katika maana moja: maoni yaliyofikiwa kwa kulinganisha vipimo na kupiga hesabu. Haikumsaidia sana. Kila alipokosea alidhihakiwa, na mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya kifo chake, utabiri kwa umma ulisimamishwa pamoja na onyo la dhoruba, usirudi magazetini hadi 1879. Waliodai onyo la dhoruba lirudishwe mapema zaidi walikuwa watu wa baharini, ambao walijua kwamba onyo linalokosea mara kwa mara bado ni bora kuliko kimya. Lilirudi mwaka 1867.

Sasa tuje kwenye ulimi wetu, kwa maana hapa ndipo makosa mengi ya barazani hutokea. Kitenzi chenye "-ta-" kikisimama peke yake husikika kama ahadi. "Mvua itaanza tarehe ishirini" ni kauli ambayo mkulima ana haki ya kukudai. Upande wa pili kuna "huenda," ambalo ni pana mno: anayeona uwezekano wa mara moja kati ya kumi atasema huenda, na anayeona mara tisa kati ya kumi atasema huenda hiyo hiyo. Msemaji hujikinga nalo, msikilizaji akaondoka mtupu. Njia ya kati ni kutaja kiasi kwa hesabu ya vidole: "Katika misimu kumi yenye dalili kama za mwaka huu, minne au mitano huwa na mvua kuliko kawaida." Watu wetu wanahesabu magunia, debe na siku za kibarua, hesabu ya kumi haimshindi yeyote.

Asilimia zitumike kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2005 Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wapita njia wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York wanaelewa nini wakiambiwa kuna uwezekano wa asilimia 30 wa mvua kesho. Wako waliodhani mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya saa za siku, wengine kwamba itanyesha kwenye asilimia 30 ya eneo. Maana iliyokusudiwa ni kwamba katika siku kumi zinazofanana na hiyo ya kesho, mvua huonekana siku tatu. Ni New York pekee, ambako asilimia hizo zimetumiwa tangu miaka ya 1960, ndiko wengi walikojibu sawasawa. Basi kama wakazi wa miji hiyo walichanganyikiwa, si haki kumlaumu mzee wa Namirama. Ukitaja asilimia, malizia palepale na tafsiri yake ya siku kumi.

Kuna vitenzi viwili vingine vya kuepuka na kimoja cha kutunza. Usiseme wataalamu "wamethibitisha" mvua ya mwezi ujao. Jambo lisilotokea halithibitishwi. Usiseme pia kwamba Idara "imeahidi" mvua. Cha kutunza ni "kutahadharisha." Kutahadharisha ni kitendo tofauti na kutabiri, na hakisubiri uhakika mkubwa. Radi ikisikika juu ya Navakholo saa tisa alasiri, hakuna anayehitaji kujua kama uwezekano wa kumpiga mtu ni mdogo. Anayepalilia aache jembe na kuingia nyumbani, mwendesha boda boda aondoke chini ya mti, watoto watoke uwanjani. Katika tahadhari taja la kufanya kwanza, maelezo yafuate.

Taarifa inayogusa mifuko ya watu wengi zaidi hapa ni ile ya msimu. Kabla ya kila msimu, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya kikanda ya IGAD, kiitwacho ICPAC, kilichoko Ngong, hukutanisha wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika katika jukwaa lililoanza mwaka 1998. Kila nchi kisha hutoa taarifa yake, na ofisi ya Mkurugenzi wa Huduma za Hali ya Hewa wa Kaunti huipunguza hadi kiwango cha Kakamega. Utakuta mafungu matatu: chini ya kawaida, karibu na kawaida, juu ya kawaida. Kawaida maana yake ni wastani wa miaka 30, sasa ukiwa ni 1991 hadi 2020. Misimu hiyo 30 ikipangwa kuanzia yenye mvua kidogo hadi yenye mvua nyingi, kila fungu linapata misimu 10. Kwa hiyo mtu asiyejua lolote angesema theluthi, theluthi, theluthi. Taarifa inakuwa na thamani pale tu inapoondoka kwenye theluthi hizo.

Tuseme ramani ya taarifa hiyo imeipa Navakholo asilimia 45 juu ya kawaida, 35 karibu na kawaida na 20 chini ya kawaida. Vichwa vya habari vitasema mvua kubwa yaja. Soma tena. Fungu la juu ndilo lenye nafasi kubwa kuliko mengine, hilo ni kweli, lakini nafasi ya kwamba mvua haitapita kawaida ni 55, yaani zaidi ya nusu. Na ile 20 ya ukame haijafutwa. Msimu mmoja kati ya mitano wa namna hiyo utakuwa mkavu. Utangaze vipi? Naona njia iliyo sawa ni hii: "Msimu huu unaelekea upande wa mvua nyingi kuliko mwaka wa kawaida. Katika misimu kumi kama huu, minne au mitano huwa ya mvua nyingi, mitatu au minne ya kawaida, na miwili mikavu." Inachukua nusu dakika kuisema. Baraza lina nusu dakika.

Halafu kuna mambo ambayo jumla ya msimu haiyasemi. Kakamega hupokea karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja mraba. Maji hayakosi huku. Kinachowaangusha wakulima wetu ni mpangilio wake. Mvua ya mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi inaweza kunyesha siku tatu mfululizo, watu wakapanda, kisha jua likawaka wiki mbili, mbegu zikafia ardhini. Ekari moja ya mahindi hula kilo 10 za mbegu, yaani pakiti tano za kilo mbili, na kupanda upya ni kununua zote tena, ukiacha mbolea na vibarua. Kwa hiyo sehemu ya taarifa inayohusu tarehe ya kuanza kwa mvua na mapengo ya ukavu isomwe polepole kuliko sehemu ya jumla. Idara hutaja muda wa kuanza kwa majuma, kwa mfano juma la tatu hadi la nne la Machi. Usiubadilishe muda huo ukawa tarehe moja ili usikike mjuzi. Majuma mawili ndiyo ukubwa wa ujuzi uliopo.

Sema pia kwamba mvua ya huku huanguka kwa madoa. Mchana hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, ikakutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda za magharibi, mawingu yakajengeka na kupasuka alasiri. Wingu moja linaweza kuiosha Ingotse na kuiacha Chebuyusi na vumbi lake. Utabiri wa kaunti ukisema "sehemu nyingi," shamba lako linaweza kubaki kavu na utabiri ukawa sahihi. Mkulima asipoelezwa hilo mapema, utamwona anarudi kwako na hasira ambayo hukuistahili.

Ipo pia tofauti ya misimu ambayo ni haki watu waijue. Katika Afrika Mashariki, mvua za Oktoba hadi Desemba hutabirika vizuri zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei, kwa sababu za mwisho wa mwaka hufuata kwa karibu joto la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi. Lakini sisi wa Navakholo tegemeo letu kuu la mahindi ni zile za Machi, ambazo ndizo ngumu. Usiufiche ukweli huu. Ukiusema, unaposhikilia taarifa ya Oktoba kwa nguvu zaidi watu wataelewa kwa nini.

Hapa hatuna budi kuzungumzia El Niño, kwa maana jina hilo limeharibu utabiri mwingi kuliko kosa lolote la mitambo. Mafuriko ya 1997 na 1998 yaliivunjavunja nchi, na tangu hapo Mkenya akisikia El Niño husikia gharika. Kumbe El Niño si mvua. Ni hali ya kupata joto kupita kiasi kwa maji ya Pasifiki upande wa ikweta, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Huongeza uwezekano wa mvua nyingi za mwisho wa mwaka kwetu, na zaidi mashariki mwa nchi kuliko huku magharibi, lakini Bahari ya Hindi nayo ina sauti yake, wakati mwingine kubwa zaidi. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali mno, nchi ikajiandaa kwa maafa, na mvua ikaja kwa kiasi pungufu ya hofu. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutisha, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kali upande wetu, na Novemba maporomoko ya ardhi yakaua watu Pokot Magharibi.

Kisha ukaja 2023. Idara ilitangaza kwamba El Niño ipo na mvua za Oktoba hadi Desemba zingekuwa nyingi. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba mvua haingefikia kiwango cha El Niño cha uharibifu kilichohofiwa. Kauli hiyo ilikuwa na sehemu mbili, mvua nyingi itakuwepo na uharibifu mkubwa hautakuwepo, lakini huko mitaani ilibaki moja tu: haiji. Novemba mito ilivunja kingo, mashariki, kaskazini na pwani, na watu zaidi ya 100 walikufa kabla ya mwaka kwisha. Ninaliweka jambo hili katika mwongozo kwa sababu linaonyesha mahali pa kushika. Mtu mwenye cheo akiulizwa kama El Niño itakuja, asijibu ndiyo au la. Ajibu kuhusu mvua: kiasi gani, wapi, wiki zipi, kwa uwezekano upi. Na mabadiliko ya utabiri yatangazwe na waliotoa utabiri wa kwanza, kwa maneno yaleyale ya awali yakiwekwa kando ya mapya, watu waone ni nini kilichobadilika na ni nini kilichobaki.

Jirani zetu wa Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, wametupa mfano mzuri wa namna ya kutabiri pamoja na watu. Ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kusoma dalili za mvua: miti inayopukutisha na kuchipua, maua, mwenendo wa wadudu na ndege, upepo unakotoka. Kwa muda mrefu wataalamu wa serikali na wazee hao walitazamana kwa mashaka. Kuanzia mwaka 2008 hivi, Idara ya Hali ya Hewa, ICPAC na vyuo vikuu, Maseno kikiwemo, waliketi nao. Kabla ya msimu kila upande ulileta utabiri wake, ukalinganishwa, na ukatolewa mmoja waliokubaliana, ukafikishwa kwa watu kwa lugha ya nyumbani, mikutanoni na redioni. Thamani ya mpango ule, kwa maoni yangu, haikuwa tu kwamba wazee waliheshimiwa, ingawa hilo lilikuwa limechelewa sana. Wazee nao walikubali kutaja dalili zao waziwazi kabla ya msimu, mahali ambapo zingeweza kulinganishwa na mvua iliyonyesha. Dalili ikishatajwa mapema na kuandikwa, imekuwa utabiri, iwe imetoka kwenye setilaiti au kwenye mti.

Kwa hiyo mzee wa kwenu akikuambia barazani kwamba mti fulani umechanua mapema, usimkatize. Andika: mti gani, uko wapi, umechanua tarehe gani, na yeye anatarajia nini kutokana na hilo. Mwambie mtarudi kuutazama pamoja.

Utabiri mmoja hautumiki sawa kwa kila kazi, na hili watangazaji wetu huliruka. Mama anayeanika mahindi juu ya turubai akijua uwezekano wa mvua alasiri ni mara mbili tu kati ya kumi, afanye nini? Tuseme kuwalipa vijana wawili wamsaidie kuyakusanya mapema kunamgharimu shilingi 300, na mvua ikiyanyeshea atapoteza 3,000 kwa ukungu na bei mbovu. Gharama ni sehemu moja ya kumi ya hasara. Kila mara uwezekano unapopita moja kati ya kumi, inamfaa kuyakusanya, hata kama siku nyingi jua litawaka mpaka jioni na majirani wakamcheka. Mahindi yanatakiwa kushuka hadi unyevu wa asilimia 13.5 ndipo yahifadhiwe bila kuota ukungu wa sumukuvu, na sumu hiyo haionekani kwa macho. Mwenye trekta ya kubeba miwa hesabu yake ni nyingine: miwa ikishakatwa hupoteza sukari kila siku inayolala shambani, na barabara ya murram ikilowa trekta hukwama na shehena yake. Anahitaji kujua siku tatu zijazo kabla panga halijaanza kufanya kazi, na kusitisha ukataji kwa uwezekano mdogo kutawanyima wakataji ujira wa siku. Kwake kizingiti kiko juu zaidi. Mfyatua matofali naye ana chake. Kazi ya afisa si kumpa kila mmoja uamuzi. Ni kumpa kila mmoja ile namba, kisha amsaidie kupiga hesabu yake mwenyewe: kujikinga kunanigharimu kiasi gani, na nisipojikinga nitapoteza kiasi gani?

Wanaoishi karibu na Nzoia wanahitaji maelezo yao peke yao. Maji ya mto ule hayategemei mawingu ya Navakholo. Hutoka milima ya Cherangani na miteremko ya Elgon, hupita kwetu, kisha hushuka hadi Budalang'i, ambako jamii imezijua hasara za mto huo kwa vizazi. Mbingu inaweza kuwa nyeupe hapa na mto ukapanda usiku. Ukisikia taarifa ya mvua kubwa Trans Nzoia, hiyo ni taarifa ya kivuko chetu pia. Ipelekwe kwa wachimba mchanga na wenye mifugo siku hiyo hiyo, kwa simu, bila kungoja baraza.

Limebaki jambo ambalo hatulifanyi kabisa, nalo ndilo linalotenganisha mtabiri na msemaji tu: kurudi na kuhesabu. Mwaka 1884 John Finley, wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, alitoa tabiri 2,803 kuhusu kimbunga aina ya tornado, kila moja ikisema kitatokea au hakitatokea, na akaonekana kupatia kwa asilimia 96.6. Wakosoaji wake wakafungua hesabu. Vimbunga vilitokea katika nafasi 51 tu kati ya hizo. Mtu ambaye angesema "hakitatokea" kila siku, bila kutazama hata wingu moja, angepatia kwa asilimia 98.2. Ukiangalia ndani zaidi, Finley alisema kitatokea mara 100, kikatokea mara 28, na vimbunga 23 vikampita bila yeye kuvionya. Hizo ndizo namba zinazomfaa mtu anayeishi njiani mwa kimbunga; ile 96.6 haimsaidii lolote. Na bado, kupatia vimbunga 28 kati ya 51 katika karne ile ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, na yule wa "hakitatokea" asingepatia hata kimoja.

Fanyeni vivyo hivyo katika kila kata ndogo. Inahitajika pipa dogo la kupimia mvua, au kopo lenye kuta zilizosimama wima na mdomo usiopinda, likiwekwa mahali pa wazi, umbali kutoka kwa mti au nyumba usiopungua mara mbili ya kimo cha mti au nyumba hiyo. Lisomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya Idara husoma vyao, na kiasi kiandikwe daftarini kwa milimita. Shule ni mahali pazuri, mradi likizo isiache pengo. Mpeni mlinzi au jirani kazi hiyo shule ikifungwa. Katika daftari hilo hilo, ukurasa wa kushoto, nakilini taarifa ya kila wiki siku ileile inapotolewa, kabla mvua haijaonekana. Ukurasa wa kulia uwe wa kilichotokea. Kila mwisho wa mwezi hesabuni mambo manne: ilisemwa na ikanyesha, ilisemwa na haikunyesha, haikusemwa na ikanyesha, haikusemwa na haikunyesha. Fungu la mwisho msilifurahie sana, hasa Januari, maana hata Finley alidanganywa nalo.

Utabiri ukikosea, rudi kwenye baraza lile lile, kwa watu wale wale, useme kilichosemwa na kilichotokea. Usiseme "hali ya hewa imebadilika" kana kwamba ilikuvunjia mkataba. Kama ulitaja mara saba kati ya kumi na leo imeangukia kwenye zile tatu, sema hivyo, lakini uwe na daftari mkononi, kwa sababu kisingizio hicho kina ukweli tu kama zile saba zimeandikwa. Kama uliongeza neno ambalo taarifa haikuwa nalo, litaje na uliondoe. Na kama taarifa yenyewe ilikosea waziwazi, kwa mfano juma la kuanza kwa mvua lilipita kabisa, andika barua kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti mjini Kakamega ukiambatisha kurasa za daftari. Vituo kamili ni vichache na mvua yetu ni ya madoa; vipimo kutoka Nambacha na Chebuyusi huwafaa wataalamu kama vile utabiri unavyotufaa sisi.

Mwezi Februari, kabla taarifa mpya ya masika haijasomwa, daftari la mwaka uliopita lifunguliwe barazani na hesabu ya mafungu manne isomwe kwa sauti. Liguru aitie sahihi, katibu anakili, na nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya naibu wa chifu, kando ya pale ambapo taarifa mpya itabandikwa.